Magari ya viti sambamba: Dogo au kubwa, inchi chache huamua faida na hasara

SOKO la magari madogo ya porini, yale ambayo dereva na abiria wake hukaa bega kwa bega chini ya fremu ya chuma, liligeuka upande wa mnunuzi baada ya maghala ya wauzaji nchini Marekani kujaa kufuatia msukumo wa manunuzi wa wakati wa Uviko-19. Kampuni ya Polaris ya jimbo la Minnesota, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa magari hayo duniani, ilipata mauzo ya dola za Marekani bilioni 7.2 hivi mwaka 2024, kutoka dola bilioni 8.9 mwaka 2023. Hilo ni anguko la asilimia 20 katika kipindi cha mwaka mmoja.

Sababu zilikuwa wazi. Riba za mikopo zilipanda, na wateja wengi waliokuwa na nia ya kununua walikuwa wamekwisha kununua. Wauzaji waliobaki na shehena walianza kutoa punguzo, na mara nyingi punguzo kubwa zaidi huwa kwenye mashine ya bei kubwa. Hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. Mtu aliyekwenda dukani kutafuta gari dogo la kubebea mbolea hutoka na mashine pana ya mbio kwa kuwa bei yake imeshushwa dola elfu kadhaa. Punguzo la bei, hata hivyo, haliponyi kosa la kuchagua ukubwa usiofaa.

Magari haya, ambayo wauzaji huyaita saidi-bai-saidi au UTV, hugawanyika katika makundi mawili makubwa. Lipo kundi la magari membamba, yenye upana wa inchi 50, yaani sentimeta 127. Lipo pia kundi la magari mapana, ya kuanzia inchi 60 hadi 72 na zaidi, yaani sentimeta 152 hadi 183. Katikati yapo machache ya inchi 55 hadi 58. Tofauti hiyo inaonekana kuwa ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua njia ambazo gari litaruhusiwa kupita, mzigo litakaobeba, tela litakalolivuta na gharama za kulitunza.

YALIKOTOKA

Magari ya viti sambamba yalianza kama vyombo vya kazi. Kawasaki ya Japani ilitoa gari lake la Mule mwaka 1988, likiwa na bodi dogo la mizigo nyuma na mwendo wa pole. Wateja wake walikuwa wakulima, wafugaji na wasimamizi wa viwanja vikubwa ambao walihitaji kitu kilicho kati ya toroli na pikapu. Polaris ilifuata na Ranger mwaka 1998.

Badiliko kubwa lilikuja na Yamaha Rhino 660, toleo la mwaka 2004. Gari hilo liliwavuta watu wa starehe na michezo waliokuwa wamezoea pikipiki za magurudumu manne. Toleo la mwaka 2008 la Polaris RZR 800 likaenda mbele zaidi. Lilitengenezwa kwa upana wa inchi 50 kamili ili lipite kwenye njia zile zile zilizokuwa zimechongwa kwa ajili ya pikipiki hizo.

Baada ya hapo mashindano yalihamia kwenye ukubwa. RZR XP 1000, toleo la mwaka 2014, lilikuwa na upana wa inchi 64 na nguvu za farasi zaidi ya 100. Can-Am, jina la biashara la kampuni ya BRP ya Kanada, ilijibu kwa Maverick X3, toleo la mwaka 2017, lenye injini ya tabo ya nguvu za farasi 154. Gari hilo liliuzwa kwa upana wa inchi 64 na pia kwa upana wa inchi 72. Hivyo katika muda usiofika miaka kumi upana uliongezeka kwa inchi 22, wakati njia nyingi za msituni zilibaki kama zilivyokuwa.

INCHI 50 NI SUALA LA SHERIA

Nchini Marekani sehemu kubwa ya njia za magari ya porini zipo kwenye ardhi ya umma. Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilitoa kanuni mwaka 2005 inayotaka kila msitu wa taifa uonyeshe kwenye ramani barabara na njia zilizo wazi kwa vyombo vya moto. Ramani hizo hutolewa bure, na moja ya makundi yanayoonyeshwa humo ni njia zilizo wazi kwa vyombo vyenye upana usiozidi inchi 50. Mwenye gari la inchi 51 hana ruhusa ya kupita kwenye njia hizo, hata kama anaona nafasi ipo.

Majimbo nayo yana taratibu zake. Michigan, mathalani, hutofautisha kati ya njia nyembamba za inchi 50 na njia pana za inchi 72. Mkazi wa jimbo hilo anayenunua gari la inchi 64 anabakiwa na njia pana tu. Anayenunua la inchi 50 anaweza kutumia aina zote mbili. Kwa mnunuzi wa namna hiyo gari dogo lina eneo kubwa zaidi la kutumika kuliko lile la bei mara mbili.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi hulisahau. Upana hupimwa sehemu iliyotokeza kuliko zote, na mara nyingi sehemu hiyo ni tairi. Mtu akibadili rimu na kuweka zilizotokeza nje, au akiongeza vipande vya chuma kati ya rimu na kitovu cha gurudumu ili gari litulie zaidi, gari la inchi 50 huweza kufika inchi 53 au 54. Kwa kitendo hicho amelipotezea haki ya kupita kwenye njia alizolinunulia. Hata gari lililotumika linalouzwa kama la inchi 50 lafaa kupimwa kwa futi kamba kabla ya fedha kutolewa.

GARI DOGO LINATOA NINI

Faida ya kwanza ya gari dogo ni wepesi wa kugeuka. Gari kama RZR Trail 900 la inchi 50 lina umbali wa inchi 79 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Maverick X3 la viti viwili lina inchi 102, na RZR XP 4 1000 la viti vinne lina inchi 117. Kadiri umbali huo unavyoongezeka ndivyo gari linavyohitaji nafasi zaidi ya kugeuza. Katikati ya miti, gari refu hulazimika kurudi nyuma na kwenda mbele mara mbili au tatu mahali ambapo gari fupi hupinda mara moja.

Faida ya pili ni uzito. Magari membamba mengi yana uzito wa kilo 460 hadi 550. Mapana ya kazi na ya mbio huzidi kilo 700 kwa urahisi. Gari likizama kwenye tope mbali na barabara, tofauti ya kilo 200 ndiyo tofauti kati ya watu wawili wenye kamba na ulazima wa kutafuta trekta.

Faida ya tatu ni usafirishaji. Nchini Marekani gari la viti sambamba kwa kawaida hupelekwa porini likiwa limebebwa. Gari fupi la inchi 50 hutosha kwenye tela dogo la ekseli moja, na baadhi yake huingia kwenye bodi la pikapu kubwa. Gari pana la viti vinne huhitaji tela refu, mara nyingi la ekseli mbili, pamoja na gari la kuvuta lenye uwezo wa kutosha. Mtu anayelinganisha bei mbili za dukani bila kuweka bei ya tela pembeni analinganisha nusu ya hesabu.

Faida ya nne ni bei yenyewe. Katika miaka ya karibuni magari madogo ya msingi yalikuwa yakiuzwa kwa dola 10,000 hivi nchini Marekani. Mashine kubwa za mbio zenye vifaa kamili zilivuka dola 30,000.

GARI KUBWA LINATOA NINI

Mwenye kununua gari kubwa naye ana sababu zake, na nyingi ni za msingi. Kwanza ni mzigo. Honda Pioneer 520 la inchi 50 limepewa uwezo wa kubeba pauni 450 kwenye bodi la nyuma, sawa na kilo 204, na kuvuta tela la pauni 1,000, sawa na kilo 454. Polaris Ranger XP 1000 limepewa uwezo wa kubeba pauni 1,000 nyuma, yaani kilo 454, na kuvuta pauni 2,500, yaani kilo 1,134. Injini yake ni ya nguvu za farasi 82.

Chukua mfano wa shamba linalotoa tani 1.8 za mavuno kwa siku kutoka ndani ya vitalu hadi kwenye kituo cha kupokelea. Kwa bodi la kilo 204 dereva atafanya safari tisa. Kwa bodi la kilo 454 atafanya safari nne. Ikiwa kwenda na kurudi ni dakika 40, gari dogo litachukua saa sita na gari kubwa saa mbili na dakika 40. Mahali ambapo dereva analipwa kwa siku na mazao yanaharibika kwa jua, tofauti hiyo hurudisha fedha za gari kubwa mapema.

Hesabu hiyo hubadilika mara moja endapo shamba linatoa kilo 350 tu kwa siku. Hapo gari dogo hufanya safari mbili na kubwa hufanya moja. Fedha zilizozidi kwenye bei ya gari kubwa zinakuwa zimelala.

Pili ni mashimo na mawe. Gari pana huwa na mikono mirefu ya magurudumu, na mikono hiyo huyapa magurudumu nafasi kubwa ya kupanda na kushuka bila bodi kugonga. Tairi nazo ni kubwa zaidi. Gari dogo hutumia tairi za inchi 24 hadi 26, wakati kubwa hufika inchi 30 hadi 32. Tairi kubwa hupita juu ya jiwe ambalo tairi dogo hulazimika kulipanda.

Tatu ni abiria. Gari la inchi 50 kwa kawaida ni la watu wawili. Mwenye familia au biashara ya kutembeza wageni akinunua gari la viti viwili atalazimika kununua la pili, na hapo unafuu wa bei unakuwa umekwisha.

USALAMA: MAHESABU YA KUPINDUKA

Hatari kubwa kwenye magari haya ni kupinduka, na hapo upana una uzito wake. Kipimo cha mwanzo hupatikana kwa kuchukua nusu ya umbali kati ya tairi la kulia na la kushoto, kisha kuigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Ikichukuliwa kwamba kitovu hicho kipo sentimeta 60 juu, gari lenye sentimeta 105 kati ya katikati ya tairi zake litapata 0.875. Lenye sentimeta 135 litapata 1.125. Kwa lugha ya mteremko, la kwanza huanguka kwenye mwinamo wa digrii 41 na la pili kwenye digrii 48, endapo yote mawili yamesimama.

Gari linalotembea huanguka kabla ya hapo. Springi hulala upande mmoja, abiria na mizigo huinua kitovu cha uzito, na kona kali huongeza msukumo. Kwa hiyo mwenye gari jembamba hana budi kupunguza mwendo kwenye kona na kuepuka kupita kiubavu kwenye mteremko. Mwenye gari pana naye asidanganyike. Gari la nguvu za farasi 150 humfikisha dereva kwenye mwendo ambao upana wa ziada hautoshi kumwokoa.

Historia ya soko inatoa somo. Mwezi Machi mwaka 2009 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za wateja ilitangaza mpango wa matengenezo ya bure kwa magari ya Yamaha Rhino 450 na 660. Tume hiyo ilisema imechunguza matukio zaidi ya 50 na kwamba vifo 46 vya madereva na abiria vilihusishwa na magari hayo. Marekebisho yaliyotolewa yalikuwa ya aina mbili. Magurudumu ya nyuma yaliongezwa upana kwa vipande maalumu, na chuma cha kuzuia kuyumba cha nyuma kiliondolewa ili kuboresha namna gari linavyopinda. Inchi chache, kwa maneno mengine, zilihesabiwa kuwa suala la uhai.

Fremu ya chuma iliyo juu ya kichwa humlinda mtu aliyefungwa mkanda tu. Asiyefunga hurushwa nje, na mara nyingi gari humwangukia. Wavu wa pembeni au mlango, kofia ngumu na mkanda wa kiti ni sehemu ya bei ya gari, si mapambo. Watengenezaji huelekeza kuwa dereva awe na umri usiopungua miaka 16, na abiria awe na kimo cha kumwezesha kukanyaga sakafu akiwa ameegemea kiti.

MKANDA, DIZELI NA VIPURI

Sehemu inayowashangaza wengi waliozoea magari ya kawaida ni gia. Magari mengi ya viti sambamba hupeleka nguvu ya injini kwa mkanda wa mpira unaozunguka kwenye puli mbili zinazobadili ukubwa. Mfumo huo ni rahisi kuuendesha, lakini mkanda hupata joto na kukatika pale dereva anapovuta mzigo mzito kwa gia ya kasi badala ya ile ya nguvu. Mkanda mmoja wa asili huuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mwenye gari anapaswa kuwa na wa akiba, pamoja na vifaa vya kuubadilishia.

Njia za kuukwepa mkanda zipo. Honda imetumia gia za meno kwenye magari yake ya Pioneer. Kubota ya Japani imeweka mfumo wa msukumo wa mafuta ya haidroliki pamoja na injini ya dizeli ya silinda tatu kwenye RTV-X1100C. Gari hilo halina mwendo mkubwa, ila kwa shamba lenye tangi la dizeli ya matrekta urahisi wake unaeleweka.

Gari kubwa lina vipuri vya bei kubwa. Tairi la inchi 32 ni ghali kuliko la inchi 25, shokapu za kisasa zenye matangi ya gesi zinahitaji fundi aliyefundishwa, na injini yenye tabo haivumilii mafuta machafu wala chujio la hewa lililojaa vumbi. Vumbi ndilo adui mkuu wa magari haya yote. Mnunuzi anayefanya kazi kwenye udongo mwekundu anapaswa kuhesabu machujio kama anavyohesabu mafuta.

Aidha, uhai wa kampuni yenyewe una maana. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Textron ilitangaza kusimamisha uzalishaji wa magari ya Arctic Cat, na mwaka 2025 biashara hiyo ikauzwa kwa wamiliki wapya. Gari zuri linaweza kubaki bila mtu wa kulisemea kwa miezi kadhaa. Aliye mbali na wakala huumia zaidi.

GHUBA: MCHANGA HAUNA INCHI

Hali ni tofauti kabisa katika nchi za Ghuba. Huko Dubai na kwenye matuta ya Al Badayer, Sharjah, makampuni ya utalii hukodisha magari ya viti sambamba kwa watalii. Jangwani hakuna miti wala njia ya inchi 50. Mchanga hula nguvu, na kilele cha tuta kinahitaji gari lenye kusukuma bila kusita. Kwa sababu hiyo mashine pana, ndefu na zenye injini kubwa ndizo zinazofaa, na gari dogo la injini ya silinda moja huchoka mapema.

Mfano huo unaonyesha kwamba hakuna ukubwa ulio bora popote. Gari lililorudishiwa fedha zake kwenye matuta ya Sharjah lingekuwa mzigo kwenye vijia vya misitu ya Michigan, na la Michigan lingezama kwenye mchanga wa Sharjah.

Hoja hiyo inahusu pia wanaofikiria kuleta magari yaliyotumika kutoka Ghuba. Gari lililofanya kazi ya kukodishwa jangwani limeendeshwa na watu wengi wasiolijua, na mchanga laini huingia kwenye fani, kwenye puli na kwenye injini. Rangi inayong'aa haitoshi kuwa ushahidi wa afya ya gari.

HESABU ZA MASHAMBA NA BANDARI

Kwa mwenye shamba Afrika Mashariki, suala la upana halitokani na sheria ya misitu ya Marekani bali na nafasi za mimea. Kahawa aina ya arabika kwa utaratibu wa zamani hupandwa kwa nafasi ya mita 2.74 kwa 2.74. Gari la sentimeta 127 likipita katikati ya mistari huacha sentimeta 73 kila upande hadi kwenye shina. Gari la sentimeta 163 huacha sentimeta 55. Matawi ya mbuni uliokomaa huweza kuzidi nafasi hiyo, na gari pana litakuwa likipukutisha matunda kila linapopita. Kwenye shamba la namna hiyo gari jembamba ndilo lenye faida.

Mkonge ni habari nyingine. Utaratibu uliozoeleka Tanzania ni wa mistari miwili miwili, yenye mita 4 kati ya jozi moja na nyingine. Hapo hata gari la sentimeta 183 lina nafasi ya zaidi ya mita moja kila upande kutoka kwenye shina. Upana hauamui kitu. Kinachoamua ni uzito wa mzigo, umbali wa kwenda na tairi zenye kuta nene za kustahimili miiba.

Bandarini nako tofauti ya bei huongezeka. Ushuru wa forodha wa magari nchini Tanzania ni asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Gari lililofika bandarini kwa thamani ya dola 10,000, ikiwa ni pamoja na nauli na bima, hutozwa ushuru wa dola 2,500, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya jumla hiyo ni dola 2,250. Mnunuzi anafikia dola 14,750 kabla ya tozo nyingine. Gari la dola 24,000 hutozwa ushuru wa dola 6,000 na kodi ya dola 5,400, na kufikia dola 35,400. Pengo lililokuwa dola 14,000 limekuwa dola 20,650.

Vyombo hivi haviingii kirahisi kwenye makundi ya forodha. Vingine hufanana na magari ya abiria, vingine na ya mizigo. Ni busara mnunuzi kumtaka wakala wake wa forodha apate jibu la maandishi kuhusu kundi na viwango kabla gari halijapakiwa melini. Vile vile asichukulie kuwa gari litasajiliwa kutembea barabarani. Hata Marekani kwenyewe majimbo hutofautiana. Arizona na Utah huyaruhusu yakiwekewa taa na vifaa vinavyotakiwa, wakati California haiyapi usajili wa barabara za kawaida. Shamba lililokatwa katikati na barabara kuu linahitaji jibu la suala hilo kabla ya jibu la bei.

YALIYOTUMIKA

Soko la yaliyotumika lina unafuu kwa yule anayejua la kuuliza. La kwanza ni namba ya chasisi, ili ikaguliwe kama gari lilikuwa kwenye orodha ya yaliyoitwa kurudishwa kwa matengenezo. Mwezi Aprili mwaka 2016 Polaris iliita magari ya RZR 900 na 1000 yapatayo 133,000, ya matoleo ya 2013 hadi 2016, kutokana na hatari ya kushika moto. Ripoti zaidi ya 160 za moto zilikuwa zimepokelewa, na mtoto wa miaka 15 alipoteza maisha. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 27.25. Magari yaliyotengenezwa upya chini ya mpango huo hayana sababu ya kukataliwa. Yale ambayo mwenyewe hakuyapeleka ndiyo ya kuogopwa.

La pili ni saa za injini, si kilometa peke yake, kwa kuwa gari la shamba huweza kunguruma mchana kutwa likiwa limesimama. La tatu ni hali ya mikono ya magurudumu, vifundo vyake na fremu sehemu zilizochomelewa. Gari lililopinduka huacha alama kwenye fremu ya juu hata likipakwa rangi.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa muhtasari, mnunuzi anapaswa kuanza na njia, si na gari. Apime sehemu nyembamba kuliko zote ambayo gari litapita kila siku, iwe lango, daraja la miti au nafasi kati ya mistari ya mimea. Namba hiyo ikiwa chini ya mita moja na nusu, uamuzi umekwisha kufanyika na gari jembamba ndilo lake. Ikiwa juu ya hapo, aende kwenye mzigo. Apige hesabu ya kilo za siku ya kawaida, si za siku moja ya mavuno makubwa, na aone ni safari ngapi.

Kisha ahesabu watu. Kisha tela na gari la kuvuta. Kisha ushuru, mikanda, machujio na tairi za mwaka mzima. Bei ya dukani ije mwisho, baada ya hesabu hizo zote.

Anayefuata utaratibu huo huenda akagundua kwamba gari dogo la dola 10,000 linamtosha kwa miaka yote ya kazi yake. Huenda pia akagundua kwamba dogo litamlazimu kufanya safari tisa kila siku pale ambapo nne zingetosha, na kwamba alichookoa dukani atakilipa kwa mafuta, mshahara na mazao yaliyooza. Katika hali zote mbili atakuwa amenunua kwa hesabu zake mwenyewe, si kwa sababu muuzaji alikuwa na ghala la kuondoa.